Mwaka Kihaya kilipochezwa nchi nzima

Kiangazi cha mwaka 2001 kahawa ilianikwa kwenye mikeka ya Kashozi, mkoani Kagera, kama miaka yote, ila fedha haikuonekana. Soko la dunia lilikuwa limeporomoka, na kwa misimu miwili bei ilishuka hadi kiwango ambacho wakulima hawakuwahi kukiona kwa miongo mingi. Kwa watu wanaosomesha, kuezeka na kuoa kwa kutegemea kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, huo ulikuwa mwaka mgumu. Ni mwaka huohuo Kagera ilipowapa Watanzania wimbo ambao hadi leo ukipigwa harusini wazee kwa vijana huinuka: "Maria Salome" wa Saida Karoli, ambao wengi wanauita "Chambua Kama Karanga".

Saida, mzaliwa wa mwaka 1976 wa Bukoba Vijijini, aliimba Kihaya chini ya usimamizi wa Felician Mutakyawa. Ushindani wa wakati ule haukuwa wa mchezo. Profesa Jay alitoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka huo, bendi ya Twanga Pepeta ilikuwa imejaza kumbi za Dar es Salaam, na kutoka Kongo Koffi Olomidé alishusha "Effrakata". Katikati ya hao wote akaja mwanamke na ngoma, sauti za kuitikia nyuma yake, na lugha ambayo mtu wa Mtwara au Tanga hakuelewa ndani yake zaidi ya maneno machache ya Kiswahili. Wakacheza.

Hatukuwa na chati ya mauzo ya kuaminika. Wimbo ulipimwa kwa masikio: umepigwa mara ngapi kwenye vipindi vya salamu, dereva wa basi amerudia kanda mara ngapi kabla ya kufika, bibi harusi ameingia ukumbini na wimbo gani. Redio binafsi zilikuwa bado changa, kwa kuwa sheria iliyofungua milango ya utangazaji ni ya mwaka 1993. Kabla ya hapo, kwa Tanzania Bara, ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) peke yake. Tena leseni za utangazaji zilitaka Kiswahili au Kiingereza. Mtangazaji hakuruhusiwa kuendesha kipindi kwa Kihaya, lakini wimbo wa Kihaya ulipita, na ukipita ulisikika kuanzia Bukoba hadi Songea. Ukavuka mipaka pia, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi.

Kanda yenyewe ilikuwa kitu cha kushikwa na kutunzwa. Ikilegea uliikaza kwa kalamu ya Bic uliyoichomeka kwenye tundu la gurudumu. Betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu ya nyimbo mbili tatu za mwisho. Jirani aliyekuja kuazima alijua atarudisha, maana sauti ingemuumbua.

Uimbaji wa Saida una mizizi mirefu kuliko redio na kanda. Wahaya wana nanga, ala ya nyuzi, na wapiga nanga waliimba tendi za mashujaa kwa saa nyingi, tendi ambazo Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amezifanyia utafiti mkubwa. Kashozi, ambako Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya kwanza ya Kikatoliki ya Bukoba mwaka 1892, ngoma ilikaa muda mrefu nje ya ukuta wa kanisa. Ilianza kukaribishwa ndani baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wakati ambapo Bukoba ilikuwa imeshamtoa Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika.

Lakini sababu inayonifanya niuone wimbo huu kuwa tukio la historia ni nyingine. Kwa zaidi ya miaka 20 Kagera ilitajwa kwenye habari kwa misiba. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya watu wetu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa vita alifika utu uzima akiwa amezoea kupewa pole kila alipotaja kwao. Mwaka 2001 ndipo alipoanza kuambiwa, "Hebu tufundishe kuucheza." Sijui kiongozi yeyote aliyeufanyia mkoa kazi hiyo.

Cosota, chombo cha hakimiliki, kilianza kazi mwaka huohuo wa 2001, wakati kanda zikidurufiwa ovyo mitaani. Septemba 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliufufua wimbo kwa jina la "Salome", na waliozaliwa baada ya kanda kufa wakaujua. Mwaka uliofuata Saida alirudi na "Orugambo". Ni haki yake kutajwa kwanza kila "Salome" inapopigwa, na hilo bado halifanyiki inavyopasa.

Wewe uliye Kashozi, Kamachumu au Muleba, fungua lile sanduku. Kama kanda ipo, ipeleke inakiliwe kabla utepe haujaoza. Na kama mamako au shangazi yako aliwahi kupiga ngoma au kuitikia kwenye vikundi vya enzi zile, muulize leo wenzake walikuwa nani, uandike majina yao.