Nani Hulipia Afya ya Kijiji? Historia ya Ugharamiaji wa Huduma za Afya katika Mwambao wa Rumonge

Makala haya yanachunguza swali moja: huduma ya afya inapotoka hospitalini kwenda kijijini, gharama yake humwangukia nani? Mfano unaotumika ni mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, hasa Rumonge, mji wa wavuvi na wakulima wa michikichi, ambako Kiswahili ni lugha ya forodha na soko. Hoja inayotetewa ni kwamba majukumu yameshushwa hadi kijijini zaidi ya mara moja, ilhali fedha nyingi ziliishia kituoni.

Mgawanyo huo una mizizi mirefu. Baada ya Robert Koch kuchunguza ugonjwa wa malale katika Ziwa Viktoria mwaka 1906 na 1907, utawala wa Wajerumani ulianzisha kambi za wagonjwa kando ya Tanganyika, ikiwemo Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Daktari na dawa walikuwa kambini. Kufyeka vichaka vilivyohifadhi mbung'o kulitegemea mikono ya watu.

Mwaka 1978 mambo mawili yalikutana. Kipindupindu kiliingia Burundi kupitia mwambao wa ziwa, na Septemba ya mwaka huohuo Azimio la Alma-Ata likaitaka dunia iweke afya ya msingi mikononi mwa jamii. Ugonjwa huo ulikuwa ushahidi wa azimio hilo: hospitali huweza kumrudishia mgonjwa maji mwilini, lakini haimzuii jirani yake kuchota maji yaleyale ziwani. Hata hivyo, Kadi ya Msaada wa Matibabu iliyoanzishwa mwaka 1984 ililipia tiba. Kaya iliinunua ili mtu akiugua apokelewe kituoni.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilidhoofisha mpango huo. Mwaka 2002 serikali iliwataka wagonjwa wachangie gharama. Kufikia mwaka 2006, shirika la Human Rights Watch liliripoti kuwa hospitali za Burundi zilikuwa zikiwazuilia ndani wagonjwa walioshindwa kulipa. Mei 2006, matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano na huduma za uzazi yakafanywa bure. Aprili 2010, msamaha huo uliunganishwa na ugharamiaji unaozingatia matokeo, ambapo kituo hulipwa kulingana na idadi na ubora wa huduma. Vyama vya wenyeji vilipewa kazi ya kuzitembelea kaya ili kuthibitisha huduma zilizodaiwa kutolewa.

Mageuzi hayo yalikifikishia kituo cha afya fedha ambazo awali hakikuwa nazo. Lakini wahudumu wa afya ya jamii, waitwao kwa Kirundi abaremeshakiyago, kwa sehemu kubwa walibaki watu wa kujitolea, ingawa baadaye vikundi vyao vilianza kuingizwa katika malipo hayo. Kipindupindu kilipozuka tena Rumonge Desemba 2018, swali la mwaka 1978 lilirudi. Siku ambayo mhudumu huzunguka nyumba kwa nyumba ni siku isiyo na jembe wala wavu. Hiyo nayo ni gharama, ila haiandikwi katika bajeti yoyote.

Kutokana na historia hii, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, muda wa mhudumu wa jamii uhesabiwe kuwa gharama ya mfumo. Ahadi ya Abuja ya mwaka 2001, ya kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, hupima ukubwa wa fungu, haisemi fungu hilo lifike wapi. Pili, maji safi ya mwambao yapangiwe fedha pamoja na tiba ya kipindupindu. Tatu, fedha za jamii zifungamanishwe na kilima, ngazi ya utawala iliyo karibu zaidi na kaya. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na kufikia mwaka 2025 imo ndani ya mkoa mpya wa Burunga. Mipaka ya mikoa huhama; kaya inayochota maji ziwani haihami.