Waliomvaa Kiranga

Kabla Mapadri Weupe hawajafungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, na ya Mugera mwaka uliofuata, Warundi wa milimani walikuwa na siku ambayo mtu aliruhusiwa kuliacha jina lake nyumbani. Mtama ukishavunwa, vijana walijipaka rangi mwilini, wakaimba na kucheza, na mmoja wao akawa Kiranga, mkuu wa mizimu. Tangu aliposhika mkuki, ndugu zake waliacha kumwita mtoto wa fulani. Walimwamkia Kiranga, wakamweleza shida zao, naye akazijibu. Wenzake kila mmoja alikuwa na nafasi yake katika msafara wa mizimu. Shughuli yenyewe iliitwa kubandwa, na walioingizwa ndani yake waliitwa ibishegu, mmoja wao igishegu. Mwisho walishuka mtoni kuoga, wakarudi kuwa watu wenye mashamba ya kupalilia.

Sisi wa mtaa wa Buyenzi tulikulia mbali na mambo hayo. Mji wetu, ulioitwa Usumbura hadi uhuru wa 1962, ulianza kama kambi ya askari wa Kijerumani, na mtaa wetu ukajaa watu waliotoka Ujiji, Umanyema na ng'ambo ya ziwa. Pepo tulimjua, lakini wetu alikuwa wa kupungwa kwa ngoma, na masheikh walikuwa wakali hata kwa huyo. Habari za Kiranga nilizipata kwa bibi mzaa mama, aliyeshuka kutoka upande wa Muramvya akaolewa mjini. Alisimulia akichambua maharage kwenye ungo, vidole haviachi kazi. Akifika mahali pazito, aliupeta ungo mara mbili, makapi yakaruka, ndipo akaendelea. Kuni za mti wa umurinzi hazikuingia jikoni kwake. Mjukuu akileta kipande, kilirudishwa nje bila maelezo.

Maelezo yamo katika kisa chenyewe cha Kiranga, ambacho Wanyarwanda wanakisimulia kwa jina la Ryangombe. Alikuwa mwindaji hodari na mpenda raha. Mama yake aliota ndoto mbaya, akamsihi asiende porini siku ile. Akaenda. Huko akakutana na mwanamke, na mwanamke akageuka nyati, akampiga pembe. Mti uliompokea alipokuwa akikata roho ni huo umurinzi, wenye maua mekundu na miiba. Kabla ya kufa aliagiza kwamba watu wote wamheshimu: Mhutu, Mtutsi na Mtwa, mwanamume na mwanamke. Katika nchi zetu hizi mbili, agizo la namna hiyo si jambo la kulipita haraka.

Nimeyarudia haya kwa sababu ya mpwa wangu. Yeye na rafiki zake hukutana jioni kucheza mchezo wa mezani uliobuniwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974: Dungeons & Dragons. Kila mchezaji ana karatasi ya mhusika wake, penseli, na dadu yenye pande ishirini. Mmoja wao ndiye msimulizi na mwamuzi. Mpwa wangu anacheza mchawi wa kuita majitu. Akisoma uganga wake, mbwa mwitu au jitu la ajabu linatokea, linampigania kwa raundi chache, kisha linatoweka. "Mjomba, mimi sipigani," aliniambia. "Mimi naita tu." Wenzake wanalalamika, na nadhani wana haki. Akiita wanyama watatu, kila mmoja lazima apewe zamu yake, dadu yake na hesabu ya uhai wake, na meza nzima inakaa kumsubiri. Nami nilikaa nikiangalia. Walikuwa wavulana watupu.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Mwita majitu hukaa nyuma salama, kile alichokiita kikaumia badala yake. Igishegu hakuwa na nyuma ya kujificha. Aliyemwita Kiranga ndiye aliyempa mwili wake, na mbele yake alisimama mwanamke asiyepata mtoto, au baba mwenye mgonjwa ndani. Akijibu ovyo, kijiji hakikucheka. Ilimbidi ajifunze kwa waliomtangulia, ajue maneno ya ndani ambayo wasioingizwa hawakuyaelewa, ajue pia lini anaruhusiwa kutamka matusi ambayo siku nyingine yangemletea aibu. Kwa hiyo kanuni zilikuwapo, tena ngumu kuliko za dadu.

Na kuna jambo la wanawake. Mwanahistoria Iris Berger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 kuhusu dini na upinzani katika falme za Maziwa Makuu, alionyesha kwamba kubandwa kuliwapa wanawake vyeo na sauti ambavyo nyumbani hawakuwa navyo. Mzimu wa kiume ukimpanda mwanamke, aliongea kama mwanamume na kuheshimiwa hivyo. Hapa Burundi, hata kwenye jumba la mwami alikuwapo mwanamke aliyeitwa Mukakiranga, mke wa Kiranga. Bibi hakusoma kitabu cha Berger, lakini hadithi zake zote zilikuwa na wanawake katikati.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Karamu ilitaka pombe, na pombe ilitaka mtama ambao maskini hakuwa nao. Hofu nayo ilikuwapo, hofu ya kweli.

Katika hayo yote mapadri waliona Shetani. Aliyetaka ubatizo ilimpasa aachane na kubandwa, na miaka ya 1930, chini ya Wabelgiji, watu walibatizwa kwa makundi makubwa. Ajabu ni kwamba mapadri hao hao ndio waliotuachia maandishi: Padri Bernard Zuure alichapisha kitabu chake kuhusu imani za Warundi mwaka 1929. Mengi tunayoyasoma leo juu ya Kiranga yaliandikwa na watu waliotaka aondoke, na anayeyasoma inambidi alikumbuke hilo katika kila ukurasa.

Mchezo wa mpwa wangu nao ulipita katika tanuri hilo hilo la shutuma. Mwaka 1983 huko Marekani, mama mmoja, Patricia Pulling, aliyekuwa amefiwa na mwanawe aliyejiua, alianzisha chama cha kuupinga, akidai unafundisha vijana uchawi na ibada ya Shetani. Uchungu wa mama siucheki. Lakini madai yake ningeweza kuyaweka katika kinywa cha padri wa Mugera, nisibadilishe hata nukta. Wote wawili walimwona kijana akisema kwa sauti isiyo yake, na hawakungoja kuona anavyoirudia ya kwake.

Mpwa wangu anaposema mchezo wake ni wa Wamarekani simpingi, maana ni kweli. Ila kukaa na wenzako mkakubaliana, kwa kanuni mnazozijua wote, kwamba kwa muda huu wewe ni mwingine, hilo Muramvya walikuwa nalo muda mrefu kabla ya 1974. Na wanawake hawakuachwa nje.