Semina ya Kwanza: Maandalizi ya Wakufunzi Wasaidizi katika Vyuo Vikuu vya Tanzania

Mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu cha Tanzania huajiriwa kwa kigezo kikuu cha ufaulu: shahada ya kwanza yenye wastani wa juu wa alama, mara nyingi usiopungua 3.8 kati ya 5. Akishaajiriwa hupangiwa makundi ya semina, mara nyingi muhula uleule, kisha huachiwa chumba na wanafunzi wake. Utaratibu huu unabeba dai ambalo halisemwi wazi, kwamba aliyelielewa somo vizuri ataweza kulifundisha. Makala haya yanapinga dai hilo. Yanapinga pia tiba inayopendekezwa kila mara, yaani warsha ya siku moja au mbili kuhusu mbinu za ufundishaji kwa ujumla.

Kwamba kulijua somo ni jambo moja na kulifundisha ni jingine, wataalamu wa elimu hawabishani sana. Mwaka 1986 Lee Shulman alionyesha kuwa mwalimu anahitaji maarifa ya aina ya pekee: kujua mwanafunzi hukwama wapi katika mada fulani, na mfano upi humkwamua. Ubishi unaanzia kwenye swali la namna ya kuyapata maarifa hayo. Watetezi wa warsha za jumla huchukulia kuwa kanuni zilezile zinafaa sheria, sosholojia na takwimu. Hapo ndipo hoja yao inapopwaya.

Semina ya takwimu ya mwaka wa kwanza inatosha kulithibitisha hilo. Mwanafunzi ana fomula ya mchepuko sanifu wa sampuli mbele yake, naye anauliza: kama namba ziko tatu, kwa nini tunagawanya kwa mbili? Mkufunzi aliyepata A katika somo hilohilo hujibu kuwa ndivyo fomula ilivyo, akaendelea na swali linalofuata. Hakuwa mvivu alipokuwa mwanafunzi. Mtihani ulimtaka akokotoe, haukumtaka aeleze. Kumbe namba 2, 4 na 9 zinatosha kufungua mlango. Wastani wake ni 5. Tofauti ya kila namba na wastani huo ni -3, -1 na 4, na jumla ya tofauti hizo ni sifuri. Jumla hiyo huwa sifuri siku zote, kwa hiyo anayezijua tofauti mbili anaijua ya tatu bila kuambiwa. Taarifa zilizo huru ni mbili tu. Ndiyo maana 26, ambayo ni jumla ya miraba ya tofauti hizo, hugawanywa kwa 2 na kuwa 13, kabla ya kutafuta kipeuo cha pili. Maelezo haya si uthibitisho kamili, lakini mwanafunzi hutoka nayo akiwa na sababu.

Dakika chache hizo za ubaoni hazipatikani katika mada ya warsha iitwayo “ushirikishaji wa mwanafunzi”. Anazo mhadhiri wa somo, aliyeulizwa swali hilo mwaka hadi mwaka. Maandalizi yanayofaa, basi, ni mkufunzi kufundisha dakika kumi za semina yake halisi mbele ya mhadhiri huyo na wenzake wawili watatu, aulizwe maswali magumu, akosolewe, kisha arudie. Zoezi hili si geni. Dwight Allen na wenzake walilianzisha katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960, na vyuo vya ualimu vinalifahamu. Mhitimu wa uchumi au sosholojia ndiye asiyekutana nalo.

Huenda ikasemwa kuwa wahitimu wa ualimu, waliokwisha kufanya mazoezi ya kufundisha, hawalihitaji. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mazoezi yale yalifanyika sekondari, mbele ya wanafunzi wasiomjua anayewafundisha. Katika semina, aliyeketi mbele huenda mwaka jana alikuwa jirani wa mkufunzi hosteli, naye humwita “kaka” na kumwomba alama mbili asije akapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukali hausaidii hapo. Kinachosaidia ni kulimudu swali linaloulizwa.

Hoja ya kwamba wahadhiri hawana muda haina uzito mkubwa. Nusu saa kwa wiki, katika wiki tatu za mwanzo, ni ndogo kuliko muda unaotumika baadaye kusikiliza malalamiko ya alama. Na malalamiko hayo yana chanzo kinachojulikana: makundi mawili ya somo moja husahihishwa na watu wawili wenye vipimo tofauti, ilhali alama za semina huingia kwenye matokeo ya mwisho. Kabla ya kazi ya kwanza kurudishwa, wakufunzi wote wa somo wanapaswa kusahihisha nakala tano zilezile, kila mmoja peke yake, kisha wakae na mhadhiri kujadili kila nakala ambayo alama zao zimepishana sana.