Mwenye Mkokoteni Anawaza kwa Lugha Gani?

Wengi wetu tunamjua Ousmane Sembène wa Senegal kwa riwaya zake. Hapa tunaitazama filamu yake fupi ya mwaka 1963, Borom Sarret. Jina ni la Kiwolofu, yaani "mwenye mkokoteni". Sarret yenyewe imetoholewa kutoka Kifaransa.

Kisa ni cha siku moja, kwa dakika zipatazo 20. Mchukuzi maskini wa Dakar anapakia abiria wasiolipa, kisha baba anayekwenda kumzika mtoto wake. Mwishowe anampeleka bwana mmoja Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni ni marufuku. Askari anauchukua mkokoteni. Anarudi nyumbani na farasi tu.

Lakini mawazo yake yote tunayasikia kwa Kifaransa! Kwetu walimu wa lugha, hiyo ndiyo dosari ya kazi hii nzuri. Sembène, aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille, aliingia kwenye filamu ili awafikie wasioweza kusoma vitabu vyake. Mwaka 1968 alitoa Mandabi, yaani hawala ya posta, kwa Kiwolofu, ingawa aliipiga pia kwa Kifaransa. Humo Ibrahima Dieng, asiye na kazi wala kitambulisho, anahangaika, analalamika na kujigamba kwa lugha yake mwenyewe. Kifaransa tunakikuta maofisini.