Mizinga ya Kalemie, na meli yenye ilirudisha watu



Mgeni akifika Kalemie, wenyeji wanamwambia apande kilima akaone mizinga. Ni mizinga ya zamani, ya vita ya 14–18, yenye Wabelgiji walisimamisha pale juu wakati mji ulikuwa unaitwa Albertville. Kutoka kule mji wote uko chini yako: bandari, reli ya kwenda Kabalo, mabati ya nyumba. Mbele ni ziwa tupu, na ng'ambo ni Tanzania, kule wengi wetu walikaa miaka na miaka.

Watu wengi wanapanda juu ya picha na upepo. Hiyo haiko mbaya. Lakini kile kilima kiko na habari yenye inatuhusu sana sisi watu wa kurudi.

Vita ilianza hapa mapema. Tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ilipiga na kuharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Toka siku ile ziwa lilikuwa la Wadachi, na pwani yetu ilikuwa inaogopa. Mwaka 1915 Wadachi wakaongeza meli kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen. Ilitengenezwa kwao, ikavunjwa vipande vipande, ikapakiwa ndani ya masanduku, ikaletwa mpaka Kigoma na kuungwa upya. Ndiyo ile mizinga ya pwani ya Kalemie ilikuwa inangojea.

Waingereza nao wakaleta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilishushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Katanga, kisha zikavutwa kwa ng'ombe na mashini za moshi kupita milima ya Mitumba, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, halafu treni tena mpaka huku. Vitabu vingi vinamsifu mkubwa wa ile safari, Spicer-Simson. Lakini nani alikata miti, akajenga madaraja na kusawazisha njia mule porini? Ni watu wa vijiji vya Katanga, maelfu, na majina yao hayakuandikwa.

Ni vile vile kwa vita yote. Askari wa Force Publique waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa cheo cha baron, na jina la Tabora likaungwa na jina lake. Wapagazi wa Kongo wenye walibeba risasi, unga na wagonjwa, wanahistoria wanahesabu kama 260,000. Wengi hawakurudi. Waliomaliza ni njaa, kuhara na uchovu zaidi ya risasi. Wale hawana mzinga juu ya kilima. Jenerali alipata mji mzima ndani ya jina lake. Mpagazi alibaki paka hesabu.

Sasa tuangalie ile meli. Julai 1916 Wadachi, kwa kuona wanashindwa, walipaka mashini zake mafuta mazito na kuizamisha wenyewe karibu na Kigoma, wakitumaini kuirudia siku moja. Ni Waingereza ndio waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena na jina jipya: Liemba.

Liemba! Wazee wetu wanaijua. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, UNHCR iliikodi kurudisha wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Uvira, makumi ya maelfu ya watu, safari kwa safari. Meli yenye watu wa pwani hii walikuwa wanaiogopa ndiyo ilipakia mama zetu, na masufuria na magodoro yao, ikawafikisha nyumbani. Wengi walikimbia tena mwaka 1998, wakarudi Nyarugusu na Lugufu, na kuanzia 2005 wengine wakavuka kwa meli mpaka Baraka.

Kuko watu wenye wanauliza: hivi vyuma vya zamani vinasaidia nini, na watoto hawana minerval? Swali ni la haki. Jibu langu linatoka kwa kazi yenye tunafanya kila wiki. Mtu anarudi kijijini, anakuta shamba la baba yake liko na mtu mwingine. Mbele ya chifu, swali la kwanza ni moja: "Miaka hii yote ulikuwa wapi?" Mwenye hana karatasi wala shahidi anakuwa mgeni kwa kwao. Mpagazi wa 1916 alipotea kwa sababu hakuna mtu aliandika jina lake. Sisi tuko na nafasi ya kufanya tofauti, lakini wenye walipanda Liemba wanazeeka, na kila mwaka tunazika wengine.

Kwa hiyo tunaomba kila familia ifanye mambo matatu. Moja: tunzeni kadi ya posho na karatasi ya kurudi kwa hiari ndani ya plastiki, msitupe hata kama zimechakaa. Mbili: kijana mwenye anajua kuandika akae na mzee, aandike mwaka wa kukimbia, kambi, meli, bandari ya kushukia, na majirani wa shamba kabla ya vita. Tatu: nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iletwe kwa mwandishi wa shirika.

Kwenu marafiki wenye mnatusaidia: daftari, kalamu na nakala za karatasi ni vitu vya bei ndogo. Lakini mbele ya chifu, daftari lenye jina la mtu, mwaka na bandari linaweza kumrudishia shamba.