Wimbo wa uaminifu na aliyeahidiwa



Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hilo twaliona wazi katika historia ya wimbo mmoja wa Marekani, «I Walk the Line», ambao Johnny Cash aliurekodi mjini Memphis mwaka 1956. Ni wimbo wa kantri, muziki uliokulia mashambani kusini mwa nchi ile.

Cash alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba wa Arkansas. Mwaka 1951, akiwa askari kijana, alikutana mjini San Antonio na Vivian Liberto, binti Mkatoliki. Walijuana kwa majuma machache tu, kisha jeshi likampeleka Ujerumani kwa miaka 3. Kilichowaunganisha ni barua, maelfu ya kurasa. Aliporudi mwaka 1954, walifunga ndoa katika kanisa Katoliki.

Miaka 2 baadaye, jina lake lilianza kuvuma, naye akawa mtu wa safari. Ndipo alipotunga wimbo huu, ili kumhakikishia mke wake kwamba atajilinda na kubaki mwaminifu. Hauna mapambo mengi. Alipenyeza karatasi kati ya nyuzi za gitaa ili litoe mlio kama wa ngoma ndogo. Kila ubeti huimbwa kwa kimo kingine cha sauti. Kwa hiyo, kabla ya kuuanza, mwimbaji huvumisha sauti akiwa amefumba midomo, akiitafuta noti yake. Wimbo ulifika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri, wa kwanza wake kufika huko.

Lakini aliyeuimba hakuutimiza. Safari zilirefuka, na vidonge vya kumfanya akeshe vikamtawala, huku Vivian akilea mabinti 4 nyumbani. Mwaka 1966 Vivian aliomba talaka. Mwaka 1968 Cash alimwoa mwimbaji mwenzake June Carter, wakaishi pamoja hadi mwaka 2003, walipofariki wote wawili, yeye miezi 4 baada ya June. Wengi wanaosimulia mapendo ya Cash huanzia hapo, wakimsahau yule ambaye wimbo ulitungwa kwa ajili yake. Vivian, kwa upande wake, alizitunza zile barua kwa nusu karne. Alifariki mwaka 2005. Miaka 2 baadaye kitabu chake kilitolewa, barua hizo zikiwamo ndani.

Hatusemi kwamba Cash alidanganya alipoimba. Tunaamini alisema kweli, na hilo ndilo linalopaswa kututia hofu: mtu aweza kuahidi kwa moyo wote, na bado akashindwa. Katika wimbo aliitafuta noti kabla ya kila ubeti. Katika ndoa aliacha kuitafuta. Maisha ya wawili nayo yana beti zake: mtoto wa kwanza, kazi ya mbali, sifa, ugonjwa, uchovu. Noti ya jana haitoshi kwa ubeti wa leo.

Basi ninyi mnaoandikiana maneno matamu kwa simu hadi usiku wa manane, msiyaonee haya, ni mazuri. Ila mjiulize: atakayeyasoma baada ya miaka 50, atakuta yametimizwa?