Mlango wa Tajiri, Baraza la Maskini

Ingia duka lolote la vitu vya watalii Mji Mkongwe, Unguja, utaukuta mlango: kwenye kadi, kwenye fulana, kwenye sumaku ya kubandika friji. Mbao nzito, nakshi kwenye miimo, misumari ya shaba iliyopangwa kwa safu. Mlango huo haukuwekwa kwa ajili ya kupita tu. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliandika katika kitabu chake cha 1872 kwamba heshima ya mwenye nyumba ilipimwa kwa ukubwa wa mlango, uzito wa kufuli na unene wa misumari. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, milango yake ilichongwa aya za Kurani. Mpita njia alimjua mwenye nyumba kabla hajapiga hodi.

Historia hiyo ni ya kweli, lakini ni ya wachache. Mimi nimezaliwa Ng'ambo, na ndiko ninakofanyia utafiti wa shahada yangu ya uzamili. Ng'ambo, kama jina linavyosema, ilikuwa upande wa pili wa mkondo wa maji ulioitenga na Mji Mkongwe kabla haujafukiwa. Huku watu walijenga kwa boriti, fito na udongo, wakaezeka makuti. Wengi walimiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Kodi ya ardhi ilipozidi kupanda, mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa, na miongoni mwa wagomaji walikuwamo wanawake wenye nyumba zao wenyewe. Mtu anayebishania kiwanja alichojengea hana fedha ya kumlipa fundi wa nakshi.

Basi maskini aliupambaje mlango wake? Alijenga baraza.

Baraza halikuwa la Ng'ambo peke yake. Mji Mkongwe lilikuwepo la mawe na chokaa, limeshikana na ukuta, na barabara ilipojaa maji ya masika watu walipita juu yake kama daraja. Lakini Ng'ambo baraza ndiyo ilikuwa sehemu ya mbele yote. Msingi ulisogezwa nje hatua moja au mbili, ukashindiliwa udongo, ukakandikwa. Paa likashuka kulifunika. Gharama yake ilikuwa kazi ya mikono, na faida yake ilikuwa zaidi ya moja: mvua haikurukia ukuta wa udongo na kuubomoa, na mgeni alipata pa kukaa bila kuingia ndani ya stara ya watu.

Angalia neno lenyewe lilivyosafiri. Baraza ni kiti cha udongo mbele ya nyumba, na baraza ni Baraza la Mapinduzi la 1964, na ni Baraza la Wawakilishi lililoanzishwa 1980. Mlango wa nakshi haukutoa jina la chombo chochote cha dola. Kiti cha mbele ya nyumba kilitoa.

Baada ya Mapinduzi, serikali ya Karume ilijenga majengo marefu ya Michenzani katikati ya Ng'ambo, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Familia zilipata maji, umeme na kuta za saruji. Hazikupata baraza. Huwezi kukaa mlangoni ukamsalimia mpita njia kutoka ghorofa ya tano.

Hayo yote niliyasema mwaka jana sebuleni kwetu, maana mama alikuwa anataka kulivunja baraza letu. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Plasta ilikuwa imebanduka, ukingo umemeguka, na usiku vijana tusiowajua walikuwa wakikaa pale hadi saa saba. Mama alikuwa na laki mbili na nusu alizopokea kwenye upatu. Fundi wa kuchomea alitaka laki sita kwa geti na grili, nusu mbele. Mama alikuwa tayari kukopa.

Nikamwambia habari za 1928. Nikamwambia baraza ndiyo kumbukumbu ya baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, hilo baraza nimelifagia miaka thelathini na mbili. Nimepeleka kahawa, nimeondoa vikombe. Sijapata kulikalia hata siku moja."

Nilirudi kwenye maandishi yangu nikiwa na sentensi hiyo. Tunapoliita baraza bunge la mtaa, wabunge wake karibu wote ni wanaume. Wanawake tunawakuta uani. Hata waliogoma kwa ajili ya nyumba zao, wenye hati ya nyumba mkononi, hatuwaoni wamekaa mbele ya nyumba hizo. Baraza lilikuwa wazi kwa kila mtu mtaani, isipokuwa kwa yule aliyelifagia.

Geti halikuja. Si kwa sababu ya hoja zangu, ni hesabu: deni la laki tatu na nusu lingemaliza akiba ya mwaka mzima. Mama aliita fundi wa jirani. Walinunua mifuko mitatu ya saruji na mchanga, wakaziba ukingo, wakapiga plasta laini. Ukuta ukapakwa chokaa mara mbili. Taa ikafungwa juu ya mlango, na hiyo ndiyo iliyowaondoa vijana wa saa saba. Ndoo mbili zilizopasuka zikatobolewa, zikapandwa mrehani. Mlango ni uleule wa mbao za kawaida, ila umepigwa msasa na rangi ya kijani. Zilibaki shilingi elfu ishirini na moja, akanunulia mkeka.

Mkeka huo ameutandika barazani. Kila alasiri anakaa na majirani zake watatu, wanasuka ukili na kuhesabu zamu za upatu. Mwanzoni wapita njia walikuwa wakisita, kisha wakazoea kutoa salamu.

Wiki iliyopita wazee wawili, marafiki wa baba, walitoka msikitini wakapita kwetu kama zamani. Walikuta nafasi imejaa. Mama aliwakaribisha vizuri, akaniita nilete viti.